Jinsi Warusi Walivyoikusanya Elimu ya Mitambo

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

  

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme. Ni historia ya watu waliokaa pamoja miaka mingi kuichunguza mashine. Hawakuichunguza mashine hii au ile peke yake, bali mashine zote, ili wapate kujua kanuni zinazoziendesha. Watu hao walikuwa Warusi. Tutaona walianzaje, ni nani aliyesahauliwa na ni nani aliyemkumbuka, na mwishowe walikutanaje na watu wa mataifa mengine katika wakati ambapo mataifa yenyewe yalikuwa hayaaminiani.

Kabla ya kuanza, mwalimu aandike ubaoni maneno manne: ufito, kiungo, mtambo, nadharia.

Ufito ni kipande kirefu na kigumu, cha mti au cha chuma. Vikiwa vingi twasema fito. Kiungo ni mahali fito mbili zinapokutana na kuweza kugeuka, kama bawaba ya mlango au kiwiko cha mkono. Mtambo ni fito na magurudumu yaliyounganishwa hata kimoja kikisogea, vingine navyo husogea kwa njia maalum. Na nadharia ni elimu ya kanuni: haikuambii tu kwamba jambo liko hivi, bali hukueleza kwa nini liko hivi.

FITO NNE

Tuanze na kitu mnachokijua. Kila mji una fundi cherehani, na wengi wao hutumia cherehani ya miguu. Fundi anakanyaga kanyagio, nalo linakwenda juu na chini. Ufito mmoja unapanda kutoka kwenye kanyagio mpaka kwenye gurudumu kubwa la pembeni. Gurudumu linazunguka, mkanda unavuta, na sindano inashona.

Tazama ajabu iliyopo. Mguu wa fundi hauzunguki hata kidogo. Unakwenda juu na chini tu. Lakini gurudumu linazunguka. Nani ameugeuza mwendo wa juu na chini ukawa mwendo wa kuzunguka? Ni fito nne. Wa kwanza ni kanyagio. Wa pili ni ule unaopanda. Wa tatu ni sehemu ya gurudumu iliyo kati ya katikati yake na pale ufito unaposhikwa. Na wa nne ni kiunzi chenyewe cha cherehani, ambacho hakiendi popote lakini kinashika vyote.

Sasa fikirini jambo hili. Chukua fito tatu uzipigilie misumari ncha kwa ncha, zifanye pembe tatu. Jaribu kuzisukuma. Hazisogei. Ndiyo maana fundi seremala huweka pembe tatu kwenye paa la nyumba, ili paa lisiyumbe. Lakini ukichukua fito nne na misumari minne, umbo linachezacheza. Ukiushika ufito mmoja usisogee, na wa pili ukausogeza, hizo mbili zilizobaki hufuata kwa njia yao maalum. Fito tatu ni jengo. Fito nne ni mtambo.

Jambo hili ni dogo, hata mtoto anaweza kulijaribu. Lakini ndani yake mna maswali makubwa. Fito ngapi na viungo vingapi vitafanya mtambo unaosogea? Ncha fulani itapita njia gani? Nikitaka ipite njia niipendayo, niukate kila ufito urefu gani? Haya ndiyo maswali ya nadharia ya mitambo.

TAABU YA BWANA WATT

Huko Uingereza, katika karne ya kumi na nane, palikuwa na mashine za mvuke za kuvuta maji kutoka migodini. Juu ya mashine palikuwa na boriti kubwa iliyopanda na kushuka kama mbembea ya watoto. Upande mmoja wa boriti palikuwa na pistoni ndani ya silinda, na upande wa pili palikuwa na pampu. Pistoni iliivuta boriti kwa mnyororo.

James Watt alitaka pistoni ifanye kazi mara mbili: ivute ikishuka, na isukume ikipanda. Lakini mnyororo hauwezi kusukuma. Jaribu kumsukuma ng'ombe kwa kamba aliyofungwa, utaona. Basi ilibidi atumie chuma kigumu badala ya mnyororo. Hapo akapata taabu nyingine. Pistoni lazima iende wima sawasawa, ama sivyo itakwaruza silinda na kuvunjika. Lakini ncha ya boriti haiendi wima. Inakwenda kwa upinde, kama ncha ya mlango inavyokwenda ukiufungua. Utaviungaje vitu viwili, kimoja kinachokwenda wima na kingine kinachokwenda kwa upinde?

Mwaka wa 1784 Watt alipata dawa. Alipanga fito kadhaa na viungo, na mahali fulani katikati ya fito hizo palikwenda karibu sawa na mstari ulionyoka. Yeye mwenyewe, alipokuwa mzee, alisema kwamba uvumbuzi huo ulimpa fahari kuliko kitu kingine chochote alichokivumbua.

Lakini tunasema karibu sawa na mstari ulionyoka. Haukuwa mnyoofu kabisa. Ulipinda kidogo sana, na kupinda huko kuliila mashine polepole. Mafundi waliridhika. Mtu mmoja huko Urusi hakuridhika.

BWANA CHEBYSHEV

Mtu huyo aliitwa Pafnuty Chebyshev. Alizaliwa mwaka wa 1821 katika kijiji cha Okatovo. Tangu utotoni mguu wake mmoja ulikuwa na kasoro, akawa anachechemea na kutembea kwa fimbo. Alikuwa mtaalamu wa hesabu, na akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Saint Petersburg, mji uliokuwa makao makuu ya Urusi siku zile.

Mwaka wa 1852 alisafiri kwenda nchi za magharibi ya Ulaya. Wasafiri wengine huenda kutazama majumba. Chebyshev alikwenda kutazama viwanda na mashine. Aliuchunguza mpango wa fito wa Watt akajiuliza: fito hizi zilikatwa kwa kukisia au kwa hesabu? Aliona kwamba mafundi walikuwa wakijaribu hivi, wakajaribu vile, mpaka ikakubali. Hapakuwa na kanuni. Akasema moyoni kwamba lazima ipatikane kanuni ya kumwambia fundi tangu mwanzo: ukate ufito huu urefu huu, na ule urefu ule, ili kosa liwe dogo iwezekanavyo.

Mwaka wa 1854 maandishi yake juu ya jambo hili yalichapwa. Na kutokana na swali hilo la fito za mashine ya mvuke, alianzisha tawi zima la hesabu, yaani hesabu ya kukadiria kwa kosa lililo dogo kabisa. Njia zake hutumiwa hata leo katika kompyuta. Tazameni: watu wengi hudhani nadharia huja kwanza, kisha kazi ya mikono hufuata. Hapa ilikuwa kinyume. Taabu ya fundi ilimpa mtaalamu swali, na swali likazaa elimu.

Chebyshev hakukaa na kalamu tu. Alitengeneza mitambo zaidi ya 40 kwa mkono wake au kwa kuwaagiza mafundi. Mmoja ulikuwa mashine ya kutembea, yenye miguu minne badala ya magurudumu. Mwaka wa 1878 ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris. Yule mtu aliyechechemea maisha yake yote aliifundisha mbao na chuma kutembea.

Kadhalika, karibu mwaka wa 1870, aliandika kanuni ya kuhesabu fito na viungo, ili mtu ajue kabla ya kuujenga mtambo kama utasogea au hautasogea. Kumbukeni fito zetu tatu na fito zetu nne. Kanuni yake inajibu swali hilo hata fito zikiwa kumi au ishirini. Chebyshev alifariki mwaka wa 1894.

JAMBO MOJA LILILOVUMBULIWA MARA MBILI

Hapa nataka tusimame kidogo, maana kuna kisa kinachoonyesha kwa nini wataalamu wanahitaji kukutana.

Mwaka wa 1864 ofisa mmoja wa jeshi la Ufaransa, jina lake Peaucellier, alivumbua mpango wa fito saba unaochora mstari ulionyoka kabisa. Si karibu kunyoka, bali ulionyoka kweli. Ile kazi ambayo Watt aliifanya nusu, yeye aliitimiza. Alitangaza habari hiyo kwa maneno machache, na watu hawakuijali.

Miaka michache baadaye kijana mmoja huko Saint Petersburg, Lipman Lipkin, mwanafunzi wa Chebyshev, akawa anahangaika na swali lile lile. Mnamo mwaka wa 1871 naye akatoa mpango wake wa fito. Ulikuwa ni ule ule wa Peaucellier! Lipkin hakuiba. Alikuwa hana habari. Mtu mmoja alikuwa Ufaransa, mwingine Urusi, na kila mmoja alichimba kisima chake, kumbe maji ni yale yale.

Mwaka wa 1874 mtaalamu wa hesabu Mwingereza, J. J. Sylvester, aliufafanua mpango huo mbele ya watu London, na hapo ndipo ulipojulikana sana. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu Peaucellier alipoutoa. Tujiulize: ni akili ngapi zilizopotea katika miaka hiyo kutafuta kitu kilichokwisha patikana?

MTU ALIYESAHAULIWA

Sasa tunakuja kwenye karne ya ishirini. Katika chuo cha ufundi cha Saint Petersburg palikuwa na mwalimu aliyeitwa Leonid Assur, aliyezaliwa mwaka wa 1878. Assur alitazama mashine nyingi zenye fito nyingi, naye akauliza swali jipya. Chebyshev aliuliza kama mtambo utasogea. Assur aliuliza: mtambo umejengwaje? Je, kuna namna ya kuupanga ukoo wa mitambo, kama wataalamu wa mimea wanavyopanga koo za miti?

Jibu lake lilikuwa zuri kwa wepesi wake. Nitalieleza kwa fito zetu. Chukua ufito mmoja uupigilie msumari kwenye ubao ncha moja, uwe unazunguka. Huo ndio mwanzo. Sasa chukua fito mbili nyingine, uziunge pamoja kwa msumari mmoja, kama miguu miwili ya bikari. Ncha moja ya jozi hii uifunge kwenye ule ufito unaozunguka, na ncha ya pili uifunge kwenye ubao. Umepata nini? Umepata mtambo wetu wa fito nne, maana ubao nao twauhesabu. Jozi uliyoiongeza haikuufunga mwendo, wala haikuuongezea ulegevu. Imeufuata tu. Unaweza kuongeza jozi nyingine juu yake, na nyingine tena, na mtambo ukawa mkubwa, lakini bado ukizungusha ule ufito wa kwanza, vyote vitafuata kwa utii.

Basi Assur alisema kwamba mashine zenye fito nyingi zinaweza kufunguliwa hivyo, kikundi baada ya kikundi, mpaka ubaki ufito wa kwanza. Anayejua vikundi hivyo anaweza kuihesabu mashine kubwa kwa kuihesabu vipande vipande. Ni kama ninyi mnavyosoma neno refu. Mwalimu huwafundisha kulikata: ki-na-cho-wa-pe-nde-ze-sha. Neno lililotisha likawa silabi nane ndogo.

Maandishi ya Assur yalianza kuchapwa mwaka wa 1914. Angalieni mwaka huo. Ndio mwaka Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Kisha yakaja mapinduzi ya Urusi ya mwaka wa 1917, na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na njaa. Nani angesoma kitabu cha fito na viungo wakati huo? Assur alifariki mwaka wa 1920, wakati nchi ingali katika dhiki hiyo. Kazi yake ilibaki kwenye rafu za maktaba. Na kwa kuwa ilikuwa kwa Kirusi, watu wa nchi nyingine nyingi hawakuisoma kabisa.

Hivi ndivyo elimu inavyoweza kufa, ndugu zangu. Haifi kwa sababu ni ya uongo. Hufa kwa sababu aliyeijua hayupo, na hapana mtu aliyeipokea mkononi mwake.

BWANA ARTOBOLEVSKY NA WENZAKE

Lakini elimu ya Assur haikufa. Aliyeipokea alikuwa Ivan Artobolevsky.

Artobolevsky alizaliwa Moscow mwaka wa 1905. Alisoma kwanza uhandisi wa mashine za kilimo, kisha akasoma hesabu na elimu ya mwendo. Alipoingia katika nadharia ya mitambo, aliyasoma maandishi ya Assur akaona kwamba hapo pana hazina. Aliyafundisha na kuyaendeleza, akazihesabu mashine za kweli kwa njia hiyo. Mwaka wa 1952 alisimamia kuchapwa upya kwa kitabu cha Assur, miaka 32 baada ya mwenyewe kufa.

Nchi yake wakati ule iliitwa Umoja wa Kisovieti, dola iliyodumu mpaka mwaka wa 1991. Katika miaka ya 1930 serikali ilijenga viwanda vingi kwa haraka sana. Mashine zilihitajika kila mahali: za kulima, za kusuka nguo, za kukata chuma. Mwaka wa 1938 palifunguliwa huko Moscow taasisi maalum ya elimu ya mashine, chini ya Akademia ya Sayansi, na Artobolevsky alifanya kazi humo muda mrefu wa maisha yake.

Lakini miaka ile ilikuwa pia miaka ya hofu. Watu wengi walikamatwa na serikali ya Stalin, na wengi waliuawa bila kosa. Babake Artobolevsky alikuwa padri na mwalimu wa dini. Mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1938 alikamatwa, na mwezi wa Februari akapigwa risasi. Mtoto wake aliendelea kufanya kazi katika nchi hiyo hiyo. Historia haitupi ruhusa ya kuyapita mambo kama haya kimya, maana elimu hujengwa na watu, na watu wana wazazi na wana majonzi.

Katika miaka hiyo ya mwisho ya 1930 Artobolevsky alianzisha jambo ambalo ndilo kiini cha somo letu. Alianzisha baraza la wataalamu wa nadharia ya mitambo, ambalo Warusi huliita semina. Lilikuwa baraza la namna gani? Wataalamu walikutana, na mmoja alisimama kueleza kazi aliyoifanya. Wenzake waliuliza maswali. Palipokuwa na kosa, lilionekana. Palipokuwa na wazo jipya, wengine walilipeleka mbele. Baadaye miji mingine ya nchi ile ilipata matawi ya baraza hilo, na tangu mwaka wa 1947 kazi zake zilichapwa vitabuni, ili hata asiyeweza kusafiri hadi Moscow azisome.

Mtaona kwamba hii ni dawa ya ule ugonjwa wa Peaucellier na Lipkin. Mtu akivumbua jambo, wenzake wote wanapata habari. Tena ni dawa ya ugonjwa wa Assur. Mtu akifa, wako waliomsikia.

Artobolevsky alifanya na kazi nyingine kubwa. Alikusanya mitambo ya kila namna akaichora na kuieleza katika vitabu vyenye majuzuu kadhaa, maelfu ya mitambo. Fundi anayetaka kitu kinachofunga na kufungua, au kinachosimama kidogo kisha kikaendelea, hufungua kitabu akatafuta, kama mtu anavyotafuta neno katika kamusi. Vitabu hivyo vilitafsiriwa kwa Kiingereza katika miaka ya 1970.

Na kuna jambo lingine litakalowapendeza ninyi hasa. Katika Umoja wa Kisovieti palikuwa na chama kilichoitwa Znanie, maana yake Ujuzi, kilichoundwa mwaka wa 1947. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wataalamu kwa watu wa kawaida, viwandani na mashambani, wakawaeleze elimu kwa maneno mepesi. Tangu mwaka wa 1966 mpaka alipofariki mwaka wa 1977, mwenyekiti wa chama hicho alikuwa Artobolevsky. Kumbe mtu aliyejua mitambo kuliko wengi duniani hakuona ni aibu kushughulika na masomo ya watu wazima.

KUKUTANA KWA MATAIFA

Katika miaka ya 1960 mataifa makubwa yalikuwa yamegawanyika pande mbili. Upande mmoja ulikuwa Marekani na rafiki zake, upande wa pili Umoja wa Kisovieti na rafiki zake. Kila upande ulikuwa na mabomu ya kutosha kuuangamiza mwingine. Mwaka wa 1961 ukuta ulijengwa kati ya Berlin ya mashariki na ya magharibi. Barua za wataalamu zilivuka mipaka kwa shida.

Hata hivyo, mwaka wa 1965 wataalamu wa mitambo kutoka nchi mbalimbali walikutana Varna, mji wa Bulgaria ulio pwani ya Bahari Nyeusi. Mwaka uliofuata, 1966, likaanza jarida la elimu hii, na mhariri wake alikuwa F. R. Erskine Crossley, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani. Na mwezi wa Septemba mwaka wa 1969, katika mji wa Zakopane nchini Poland, waliunda shirikisho la mataifa yote la nadharia ya mashine na mitambo. Marekani ilikuwamo. Umoja wa Kisovieti ulikuwamo. Walimchagua nani awe rais wao wa kwanza? Walimchagua Artobolevsky, naye alishika kazi hiyo mpaka mwaka wa 1975.

Sikilizeni vizuri jinsi shirikisho hilo lilivyopangwa. Mwanachama wake si mtu mmoja mmoja, bali ni jumuiya ya nchi. Kila nchi inayotaka kuingia lazima kwanza iwe na jumuiya yake ya wataalamu wanaokutana na kusikilizana. Kwa maneno mengine, mlango wa dunia unafunguliwa kutoka nyumbani. Mkutano wao mkubwa umekuwa ukihama kutoka nchi hadi nchi. Mwaka wa 1975 ulikuwa Newcastle, Uingereza. Mwaka wa 1979 ulikuwa Montreal, Kanada. Mwaka wa 1983 ulikuwa New Delhi, India. Shirikisho lingaliko hata leo, ingawa dola ya rais wake wa kwanza haipo tena.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mitambo iliwaunganisha watu ambao siasa iliwatenga? Jibu moja liko katika zile fito nne. Fito nne zenye urefu ule ule huenda mwendo ule ule Moscow, na Chicago, na hapa petu. Hazimwulizi mtu dini yake wala chama chake. Mrusi na Mmarekani waliweza kubishana juu yake, na mwisho wa ubishi wakapigilia misumari wakaona nani amesema kweli.

MUHTASARI WA SOMO

Tukumbuke hatua tulizopitia. Watt alipata dawa kwa kujaribu, mwaka wa 1784. Chebyshev akaitafutia kanuni, mwaka wa 1854. Peaucellier na Lipkin walivumbua jambo moja mara mbili kwa sababu hawakuwa na mahali pa kukutania. Assur aligundua jinsi mitambo inavyojengwa, lakini vita na dhiki vikamfunika. Artobolevsky akamfunua, akawakusanya wataalamu wa nchi yake, kisha akasaidia kuwakusanya wa mataifa.

Akili kali peke yake haikutosha. Chebyshev alikuwa nayo, Assur alikuwa nayo. Ilitakiwa pia watu waandike wanayoyajua, wakutane, wasahihishane, na wamkumbuke aliyetangulia. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na katika elimu ndivyo ilivyo.

KAZI YA DARASA

Mwalimu atafute ubao, fito tatu nyembamba, misumari midogo minne na penseli. Kateni fito mbili zenye urefu wa sentimita 20 kutoka tundu hadi tundu, na ufito mmoja wa sentimita 8. Toboeni tundu la penseli katikati kabisa ya ule mfupi. Pigilieni ncha ya ufito mrefu wa kwanza upande wa kushoto wa ubao, na ncha ya ufito mrefu wa pili upande wa kulia. Misumari hiyo miwili iachane sentimita 40 kwa upana, na wa kushoto uwe juu ya wa kulia kwa sentimita 8. Kisha ungeni ncha mbili zilizobaki kwa ule ufito mfupi, nao utasimama wima katikati. Viungo vyote vilegee kidogo ili vigeuke. Tieni penseli katika tundu la katikati, kisha sogezeni fito polepole juu na chini. Tazameni mstari uliochorwa. Huo ndio mpango wa Watt. Wekeni rula kando yake mwone unaanza kupindia wapi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Kwa nini fito tatu hazisogei, na fito nne zinasogea?
2. Kwa nini Watt hakuweza kuendelea kutumia mnyororo?
3. Ni hasara gani iliyopatikana kwa kuwa Peaucellier na Lipkin hawakujuana?
4. Ni kazi gani au ufundi gani hapa kwetu ambao wazee wanaujua na haujaandikwa? Nani anaweza kuuandika?
5. Taja mitambo mitatu unayoitumia nyumbani au kazini, uonyeshe viungo vyake viko wapi.

Swali la nne msilijibu kwa haraka. Litawafaa wale waliokwisha jifunza kuandika sentensi nzima. Aende mmoja kwa mhunzi, mwingine kwa mshona ngalawa, mwingine kwa mfinyanzi, aulize na kuandika hatua moja moja. Juma lijalo msome darasani mliyoyaandika, na wengine waulize maswali.